Vigae vya Mtungi wa Bi Riziki

Siku ninayoikumbuka kila nikisikia kijana anahama, mwanangu, ni ile niliyoingia Kariakoo na mkeka begani. Nilikuwa mke mpya, nimetoka kwetu Kisarawe, na mjini nilikuwa nikikusikia tu. Mume wangu alikuwa seremala. Alikuwa amepata chumba kwenye nyumba ya Bi Riziki, mjane mtu mzima wa hapa hapa pwani. Ilikuwa nyumba ya vyumba huku na huku, ukumbi katikati, na nyuma uani ambako wapangaji wote tulipikia.

Mume wangu alitangulia na kitanda. Mimi nikafuata na ule mkeka, nimeukunja, mrefu kuliko mimi mwenyewe. Nje jua kali, ndani ya ukumbi huoni kitu. Nikasikia sauti nyuma yangu: "Karibu, mwali." Sasa mimi nimelelewa kwamba mtu mzima haamkiwi kwa mgongo. Nikageuka mzima mzima.

"Shikamoo, mama!"

Na mkeka nao ukageuka. Ncha yake ikaenda kupiga mtungi wa maji uliokuwa juu ya kigoda karibu na mlango wa uani. Nilisikia kishindo, halafu maji yakanifikia miguuni.

"Marahaba," akaitikia Bi Riziki. Ndiyo, salamu aliiitikia kwanza. Halafu akapiga magoti, akaanza kuokota vigae kimoja kimoja akiviweka kwenye kanga yake. Nilipoinama kumsaidia, akanizuia kwa mkono.

"Wacha. Ulikuwa wa mama yangu."

Akaendelea kuokota. Angenitukana ningeshukuru. Aliyesema alikuwa Mama Zuhura wa chumba cha mbele, aliyekuwa akikaanga samaki wa soko la Feri na kuuza kibarazani. Yule ulimi wake haukuwa na likizo. "Mwali huyu ana salamu nzito," alisema, uani wote ukisikia. "Akituamkia mara mbili, nyumba haibaki."

Walicheka, na mimi nikacheka kidogo kwa aibu, kisha nikaingia chumbani nikalia.

Mume wangu alitaka kununua mtungi mwingine. Bi Riziki akamwambia asihangaike, ile ya sokoni alikwisha kuijaribu, maji hayapoi. Kumbe mtungi ule ndio uliokuwa ukifuturisha nyumba nzima. Kila Ramadhani aliufukiza ubani, akaujaza, na jua likizama kila mpangaji alipewa kata ya maji kutoka humo kabla ya kitu kingine. Mama yake alikuwa akifanya hivyo hivyo. Na Ramadhani yenyewe ilikuwa inakaribia. "Mwaka huu tutafuturu kwa maji ya debe," alisema. "Tutafanyaje? Mungu amependa."

Basi nikawa mtu wa chumbani. Napika wenzangu wakishamaliza, nafua wakiwa sokoni. Nikipita ukumbini natembea kwa pembeni, kama mtu aliyekuja kuiba. Mume wangu akirudi kazini ananikuta nimekaa kitandani, mikono mapajani. Na hiyo mikono, mwanangu, haikuzoea kukaa.

Kwetu mama yangu alikuwa mfinyanzi. Mimi nimefinyanga tangu sijaota meno ya ukubwani. Nilianza na vijungu vya kuchezea, nikaendelea na vya kupikia, mpaka mitungi. Si kwamba nilifanya kwa kuuza. Nilikuwa napenda tu ule udongo ukipanda chini ya vidole, tumbo la mtungi likitokea mahali ambapo hapakuwa na kitu. Nilipoolewa mama alinipa kijiwe chake cha kulainishia, cheusi, laini kama kimepakwa mafuta. Nikakificha chini kabisa ya sanduku. Niliambiwa wanawake wa mjini hawashiki matope, nitaitwa mshamba. Nikaona bora niiache kazi hiyo huko huko nilikotoka.

Siku moja tulienda kumzuru jamaa wa mume wangu, tukapita Jangwani. Masika yalikuwa yamekwisha, maji yametoka bondeni, na pale yalipokuwa yamesimama palibaki udongo mweusi unang'aa. Mguu wangu ukazama. Nikainama kuutoa mguu, nikarudi na donge mkononi. Njia nzima mume wangu anazungumza, mimi naitikia "ee, ee", na donge linazunguka kiganjani. Tulipofika nyumbani, lilikuwa kijungu.

Alikiangalia, akaniangalia mimi. "Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani utaona haya."

"Haya ya nini? Mimi nanuka gundi na randa mchana kutwa."

Kesho yake aliniletea udongo gunia zima. Nikaenda kwa Bi Riziki, nikakaa chini, nikamwambia, "Mama, naomba ruhusa yako. Nitakufinyangia mtungi kabla mwezi haujaandama."

Mama Zuhura alikuwa pale anapara samaki. "Mwali, hapa Dar es Salaam," akasema. "Hata maji tunaletewa mlangoni."

Bi Riziki alisema tu, "Haya."

Nikaufinyanga nyuma ya jiko, kivulini. Wallahi mikono ilifurahi. Nilikwangua kwa gunzi, nikalainisha kwa kijiwe cha mama, na kwa mara ya kwanza tangu nije nikajisikia naimba. Nikauacha ukauke. Asubuhi yake nilipotoka baada ya sala, mtungi ulikuwa umepasuka kutoka shingoni mpaka kitako, haujauona hata moto. Nikafinyanga wa pili. Nao ukapasuka vile vile.

Nikaingia chumbani nikafungua sanduku. Nikaanza kukunja nguo. Niliona yametosha. Nimevunja mtungi wa watu, nimeahidi nisichoweza, nyumba nzima inanicheka, na udongo wenyewe wa mji huu unanikataa. Nikasema nitamwambia mume wangu anirudishe kwetu, yeye akitaka atanifuata.

Bi Riziki alisimama mlangoni. Hakubisha hodi.

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani, mama. Udongo wa huku mbaya."

"Mbaya?" Akaingia, akakaa kwenye kona ya kitanda. "Watu wamejengea nyumba udongo huo, hii unayolala imo. Weye umeushika siku ngapi? Umeujia na maneno ya kwenu, haujakuelewa, umeshasusa. Na sisi je? Umekaa humu ndani unatukimbia ukumbini. Umeshawahi kukaa uani ukatuuliza hata chumvi? Usiniambie udongo mbaya. Sema hujaujua."

Akatoka. Hakunibembeleza, na nguo hakuzikunjua.

Nilikaa na yale maneno mpaka adhuhuri. Nikaswali, na kwenye kusujudu ndipo nikamkumbuka mama yangu anasema na mfinyanzi mwenzake aliyetoka bonde la mto: udongo wenu umenona sana, kausagieni vigae. Udongo wa kwetu ulikuwa na mchanga wake wenyewe, hatukuwahi kuongeza kitu. Huu wa Jangwani ulikuwa umenona, ukikauka unajivuta mpaka unachanika. Ulihitaji unga wa vyungu vya zamani uushike.

Lakini vigae vya vyungu vya kupikia vina masizi na mafuta, ungevisaga maji yangenuka. Nilitaka vigae vya mtungi wa maji. Na nilijua mtu mmoja tu aliyekuwa navyo.

Mwanangu, sijawahi kuogopa kuomba kitu kama siku ile. Nilimkuta Bi Riziki uani anachambua mchele. Nikakaa karibu yake, nikachota mchele kidogo nikachambua naye, mpaka moyo ukatulia. Halafu nikamwambia.

Ungo ukasimama mkononi mwake.

"Umeuvunja mara moja," akasema. "Sasa unataka kuutwanga?"

"Ndiyo, mama. Ili uingie ndani ya huu mpya."

Bi Riziki akaweka ungo chini, akaingia ndani, akafunga mlango. Nikasema basi, nimemaliza kuharibu.

Alitoka baada ya sala ya alasiri, amebeba ile kanga yenye vigae. Akaifungua mbele yangu, akatoa kipande kimoja tu, cha mdomo wa mtungi, akakiweka kando. "Hiki sikupi." Halafu akakaa mbele ya kinu, akashika mchi yeye mwenyewe.

"Mama, nitatwanga mimi."

"Ni mama yangu. Nitaanza mimi."

Akatwanga, machozi yanamtoka, anatwanga. Alipochoka nikampokea. Mama Zuhura akaja na chekeche lake la unga, amenuna, kana kwamba amelazimishwa. "Leteni hapa, mnatwanga kama mnaua nyoka. Na hili chekeche mtanisafishia." Akachekecha mpaka magharibi, mikono yake myekundu kwa vumbi la mtungi, na tangu siku ile sikumwogopa tena.

Ule udongo ulipochanganyika na unga wa vigae ulibadilika mikononi mwangu. Ulisimama. Mtungi ukakauka kivulini pole pole, kila anayepita anaukagua, wengine wanaugonga kwa kucha mpaka nikawakataza. Haukupasuka. Tukaupeleka Jangwani mahali pa wazi, maana uani kwetu kulikuwa na mapaa ya makuti, moto mmoja tu ungetutoa wote. Mume wangu aliubeba kama mtoto. Mama Zuhura alikuja na gunia la makumbi ya nazi. Nikaupasha joto kwanza kwa makaa, nikauzungushia makumbi na makuti makavu, nikawasha. Muda wote uliowaka sikukaa chini, nilisimama namswalia Mtume.

Ulitoka mzima. Una baka jeusi ubavuni, shingo imeinama kidogo kama mtu anayesikiliza. Mama Zuhura akauzunguka wote. "Shingo imepinda," akasema. "Utatufaa, na sisi humu hakuna aliyenyooka."

Siku mwezi ulipoandama, Bi Riziki alitaka ubani. Nikatafuta kigae cha kutilia makaa. Akasema, "Ngoja." Akaingia chumbani, akarudi na kile kipande cha mdomo alichoninyima. Akaweka makaa juu yake, akanyunyiza ubani, akaufunika kwa mtungi mpya. Moshi ukajaa ndani, na alipouinua ukatokea kwenye shingo iliyopinda, uani kote kukanukia.

Magharibi ya mfungo wa kwanza tulikuwa wote uani. Adhana ikalia. Bi Riziki akachota kwa kata, akapiga bismillahi, akanywa. Nilikuwa namtazama koo.

"Yana harufu ya udongo mpya," akasema. "Si kitu. Tukiyanywa kila siku itaisha."

Halafu akachota tena, akanyoosha mkono. Akaniita kwa jina langu, kwa mara ya kwanza tangu niingie na mkeka wangu. "Tatu, shika. Mpelekee mumeo."

Hayo ni ya miaka mingi nyuma. Bi Riziki ametangulia, Mungu amrehemu, na vyumba vile wanangu wote mnavijua kwa kusimuliwa. Mimi sikuacha tena kufinyanga. Nilifinyanga vijungu vya jirani, nikamfinyangia mama wa Kihindi wa duka la pembeni vitaa vidogo vya sikukuu yao, akawa kila mwaka ananiagiza huku anacheka, "Tatu, vilivyopinda usivirudishe, vinapendeza." Jioni nikaanza kwenda darasani kujifunza kuandika, na vidole vyenye udongo ndivyo vilivyoshika kalamu. Kila nikikumbuka namshukuru Mola kwa mtungi uliovunjika, maana bila huo ningekaa kitandani mikono mapajani mpaka nirudi kwetu.

Sasa wewe umehama, mwanangu. Umeniambia mtaa mgumu, majirani wakavu, na ile kazi ya mikono uliyokuwa ukiipenda umeifungia sandukuni mpaka utakapozoea. Nakuomba usingoje. Huenda kwako ni uzi na sindano, huenda ni kusuka ukili, huenda ni kuimba. Itoe leo, uifanye uani, watu wakione unachokipenda. Na kikiharibika mara ya kwanza usiilaumu nyumba mpya, wala usikimbilie sanduku. Uliza wenyeji. Omba kwao kile ulichopungukiwa, hata kama ndicho kigumu kuombwa, na wao wachanganye cha kwao humo. Ndivyo utakavyokaa nao. Na watakaokucheka, wape chekeche washike.

Mungu aipoze nyumba yako kama maji ya mtungi yanavyopoa. Akupe jirani wa kukukaripia na jirani wa kukuchekesha, mikono yako isikose kazi inayoipenda, na kila magharibi awepo mtu wa kukuita kwa jina lako akikunyooshea kata ya maji. Amina, mwanangu.