Mama Kitambaa na mgeni asiyeshika jembe

Saa tano na robo asubuhi, shati la mistari linamfikia Mama Kitambaa mezani. Analigeuza ndani nje, analitandaza, kisha anafumba macho.

Mkono wa kushoto unapapasa mshono wa bega na kuufuata hadi kwenye kola. Wa kulia unakuja nyuma na pasi, umbali wa vidole viwili tu kutoka ule wa kushoto. Mvuke unapanda. Mgongo, kifua, mkono mmoja, mkono wa pili. Macho yanafunguka shati likiwa tayari limetundikwa kwenye henga, limempa mgongo.

Mteja asiyemjua angedhani ni mbwembwe za fundi mzoefu. Miaka kumi na tisa ya kupiga pasi si mchezo, na nguo themanini kwa siku zinatosha kumpa mtu maringo. Yeye hana hata chembe.

“Mistari nikiikodolea macho inaanza kutembea,” anasema. “Ikishaanza kutembea, najua mgeni yuko njiani.”

Mgeni ni kichwa. Ndivyo anavyoyaita maumivu yanayomshika upande wa kulia, nyuma ya jicho, tangu akiwa na miaka ishirini na nne. Sasa ana arobaini na tatu. Yakija hukaa siku mbili, mara nyingi tatu. Mwanga humchoma, mlio wa kijiko kwenye kikombe humtoa machozi, na harufu ya sabuni, ambayo ndiyo riziki yake, humtapisha.

“Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe,” anasema. “Huyu wangu nikimpa jembe, ananilimia humu humu.” Anagusa juu ya jicho. Anacheka kidogo, kwa tahadhari, maana ziko siku hata kucheka kunamuuma.

Jina la Mama Kitambaa alipewa na wenzake hapa kwenye duka la dobi, kwa sababu ya kile kitambaa cheusi anachojifunga kichwani kwa nguvu hadi kinaacha alama kwenye ngozi. Wateja humsifu kwamba anajua kupendeza. Hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini fundo liko upande ule ule siku zote.

Na hapa pana jambo linaloudhi. Mtu akivunjika mguu atapishwa njia. Akishikwa na homa atapelekewa uji. Lakini sema kichwa kinakuuma, utaambiwa unywe maji. Utaulizwa una mawazo gani. Au utaambiwa, kama mumewe alivyomwambia kabla hajafunga virago, kwamba kichwa kila mtu anacho na kila mtu kinamuuma. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na huyu ilibidi asimame mezani saa kumi kwa siku.

Alisimama kwa nguvu za dawa. Vidonge vya maumivu, vile vya kawaida vinavyouzwa kila duka, aliviweka kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Miaka ya mwanzo alimeza viwili mgeni akija. Baadaye akawa anameza viwili kila asubuhi, kabla kichwa hakijaanza, ili kisianze. Mwaka huu alikuwa amefika vinane kwa siku, na bado kichwa kilimuuma siku ishirini na sita katika mwezi.

“Nilijiambia dawa ya moto ni moto,” anasema. “Kikizidi, naongeza.”

Ukutani, juu ya meza yake, limetundikwa joho jeusi la mahafali. Mgongoni lina tundu lenye umbo la pasi, kingo zake zimeyeyuka na kukauka. Miezi minne iliyopita mwenye joho alikuwa nje akilisubiri, sherehe ikikaribia kuanza. Mama Kitambaa alikuwa akiliona nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa imemezwa na mwanga wenye meno ya msumeno, unaochezacheza jichoni; hivyo ndivyo mgeni wake anavyopiga hodi. Aliiweka pasi mahali alipodhani hapana nguo. Harufu ndiyo iliyomjulisha.

Bosi, mtu mzima aliyeianza kazi hii kwa kufua kwa mikono yake mwenyewe, alimlipa mteja kisha akalitundika joho pale. Hakumfukuza. Alimwambia tu kwamba atakuwa akilitazama kila siku, na kwamba nguo nyingine ikiungua, au meza ikiachwa wakati wa kazi, aage wenzake. Hapo ndipo alipojifunza kupiga pasi kwa kupapasa. Macho yalikwishamdanganya, mikono bado.

Hata hilo halikumpeleka kwa daktari. Kilichompeleka ni kopo.

Wiki tatu zilizopita alilishusha akakuta vidonge vimepungua kuliko alivyoviacha. Ana binti mmoja wa miaka kumi na tatu, kifungua mimba na kitinda mimba kwa mpigo, kama anavyopenda kutania, na nyumbani wako wawili tu. Binti hakukataa. Alieleza kwamba kichwa kilikuwa kikimuuma upande mmoja na mwanga ukimchoma, na hakutaka kumsumbua mama aliyekuwa amelala na chake. Kwa hiyo alikuwa akimeza viwili kabla ya kwenda shule, ili kisianze.

“Yalikuwa maneno yangu,” anasema Mama Kitambaa. “Neno kwa neno. Sikumfokea. Nilikaa chini.”

Kesho yake aliomba ruhusa ya asubuhi moja, wakaenda zahanati wote wawili. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, aliwauliza maswali mengi kuliko walivyozoea kuulizwa, akawapima, kisha akataja neno moja: kipandauso.

Neno hilo hakulisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza. Marehemu mama yake alikuwa akilitamka kutoka chumba chenye mapazia yaliyoshushwa, na wao watoto walielewa kwamba amepandwa. Aliyepandwa ana jini, na mwenye jini hakaribiwi. Basi walikimbilia nje, wakacheza mbali na dirisha lake, wakinong’onezana kwamba leo limempanda tena.

Mama Kitambaa anaiweka pasi chini kwanza ndipo aendelee. “Hakuna hata siku moja niliyompelekea maji,” anasema. “Aliumwa peke yake miaka yote ile, sisi tunamkimbia. Najuta, na hayupo wa kumwomba radhi.”

La pili alilosema daktari lilikuwa gumu zaidi kulimeza. Vile vidonge havikuwa vikizima moto tena, vilikuwa kuni. Mtu akivimeza karibu kila siku kwa miezi, kichwa huvizoea, na vikichelewa huuma kwa kuvidai. Ilibidi aviache vyote. Angepewa kidonge cha aina nyingine, cha kumeza kila jioni ili kumzuia mgeni asije, ila hicho huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Kabla ya hapo angepita kwenye wiki mbili, pengine zaidi, za maumivu makali kuliko yote aliyoyajua. Na akishavuka, dawa za maumivu zisizidi siku mbili kwa wiki.

“Nikamuuliza, daktari, hizo wiki mbili nani atanipigia pasi?” anakumbuka. “Akaniambia, mama, hilo sina dawa yake.”

Alisitasita siku kumi. Alijua vizuri kilichokuwa kikimsubiri: siku moja ya kushindwa kusimama, na meza ingekuwa ya mtu mwingine. Kopo liliendelea kukaa juu ya kabati. Kisha jioni moja binti alishika upande wa kichwa, akalitazama kopo, akamtazama mama yake, akainamisha uso. Mama Kitambaa alilishusha, wakaenda nalo chooni, binti akamwaga vidonge vyote mama akiwa amesimama mlangoni.

Siku ya tatu bila dawa alitapika mara sita kwenye mfereji nyuma ya duka, akafuta mdomo, akarudi mezani. Siku ya tano alipiga pasi ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwa sababu akisimama sakafu ilimkimbia. Siku ya saba alilia mbele ya wenzake bila kutoa sauti, maana sauti yenyewe ingemuuma. Nguo zilitoka themanini kila siku, na hakuna iliyoungua.

Leo ni siku ya kumi na moja. Saa saba kasorobo, akiwa kwenye shuka jeupe la hoteli, mkono wake unasimama. Anainua pasi na kuizima ukutani kabla ya kufanya lolote lingine.

“Nusu ya shuka imepotea,” anasema, bila kupandisha sauti. Midomo imempauka.

Duka la dawa liko ng’ambo ya barabara, hatua zisizofika thelathini, na kutoka mezani mlango wake unaonekana. Mfuaji mwenzake anajitolea kukimbia kumnunulia vidonge viwili tu, vya leo tu. Anatikisa kichwa kukataa, na papo hapo inaonekana anajutia kukitikisa. Amesimama pale akiutazama ule mlango kwa muda mrefu. Mwandishi wa makala haya alidhani angevuka.

Kisha ananyoosha mkono na kulishusha joho ukutani.

Nyuma ya duka kuna stoo yenye dirisha dogo, mnamowekwa nguo ambazo wenyewe hawajazifuata. Analitundika joho dirishani, chumba kinaingia giza, isipokuwa pale penye tundu, ambapo mwanga wa jua unachora pasi ukutani. Analala juu ya mafurushi ya mashuka akiupa mgongo. Kwa mara ya kwanza katika miaka minane aliyofanya kazi kwenye duka hili, meza yake imeachwa wakati wa kazi.

Bosi anarudi baada ya dakika ishirini. Anaitazama meza, anautazama ukuta mtupu, anakwenda stoo na kusimama mlangoni. Ule mwanga unamwangukia kifuani.

“Nguo za hoteli zinachukuliwa saa kumi na moja,” anasema. Halafu anaurudisha mlango taratibu, usipige kelele.

Usidhani ameshakuwa malaika. Alipoulizwa baadaye, alisema neno lake la mwanzo halijabadilika, kwamba akimhurumia mmoja leo, kesho duka zima litakuwa na vichwa, na kwamba yeye mwenyewe kichwa humuuma na hajawahi kulala kazini. Alisema atafikiri.

Saa nane na nusu Mama Kitambaa anatoka stoo, uso umevimba upande mmoja, anawasha pasi. Maumivu hayajaondoka, ila nusu ya shuka imerudi. Dakika tano kabla ya saa kumi na moja anafunga furushi la mwisho la hoteli. Joho halirudishi ukutani. Anamfuata bosi na kumwomba libaki dirishani, na siku mgeni akija apewe nusu saa ya giza, ambayo atailipa jioni kwa kazi. Bosi anamwambia atamjibu Jumamosi. Jumamosi ni keshokutwa.

Nyumbani, chumba ni kimoja. Binti amekwishashusha pazia kabla hajaambiwa, na kando ya godoro ameweka bilauri ya maji. Mama Kitambaa anaitazama bilauri ile kwa muda kabla ya kuichukua. Anakunywa yote.

Ukutani kuna kalenda, kama alivyoagiza daktari. Siku za mama zimewekwa alama kwa kalamu ya wino, na zimejaa. Za binti zimewekwa kwa penseli. Mwezi huu ziko nne.

Jumamosi akiambiwa aage wenzake, ana mpango wa kupigia watu pasi humu humu chumbani, kwa pasi ya kukopa, akishusha pazia atakapo. Akikubaliwa, atalishona tundu la joho ili mwanga usiingie. Ameshachagua hata uzi. Kurudi kwenye kopo ndiko ambako hakumo katika mpango wowote, ingawa anakiri kwamba leo mchana alishahesabu hatua za kuvuka barabara.

“Mgeni wangu amekwisha kuwa mwenyeji, sijui kama atatoka,” anasema, akimtazama binti anayeandika kazi za shule karibu na mlango, palipobaki mwanga kidogo. “Wa mwanangu bado yuko nje anapiga hodi. Na mtoto ananitazama mimi, aone hodi inaitikiwaje.”