Nilivyompangia Bibi Mmoja Safari ya Botswana

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa birika. Ofisi yetu ya safari ilikuwa mtaa wa Karama, kule Uarabuni, juu ya duka la mashuka, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi. Meneja, Mhindi mrefu asiyecheka kabla ya saa sita, akaniambia, "Chai kwanza, halafu pasipoti." Yaani nichemshe chai, kisha nizungushe pasipoti za wateja kwenye balozi kuombewa viza. Shule niliishia darasa la nne, lakini pasipoti sikupoteza hata moja. Na chai yangu, niseme ukweli, mpaka leo wanaitamani.

Meza niliipata hivi. Bi Zuwena, Mzanzibari aliyekuwa mkuu wa bukingi, yaani kuwawekea wageni nafasi, alinisikia nikimweleza mteja tembo wa Tsavo wanavyofuata maji, maana nyumbani nilikuwa dereva wa watalii kabla magoti hayajaanza ukaidi. Akasema, "Huyu mzee mnampoteza bure huko jikoni." Akanifundisha ratiba, kwamba siku kwa siku mgeni atalala wapi na atapanda nini, na vocha, ile karatasi mgeni akiitoa kambini anapokelewa. Kuandika aliandika yeye. Kupanga nilipanga mimi.

Akaja mteja, Mwarabu wa hapo hapo, anataka Botswana mwezi wa saba, yeye na mama yake. Mama alikuwa wa kiti cha magurudumu, na maji aliyaogopa tangu mumewe alipozama. "Anataka kuona tembo akiwa garini," akasema mwanawe. "Daktari kamruhusu mara hii tu. Akirudi anapasuliwa."

Nikampangia kambi ya delta ya Okavango. Mwezi wa saba kule hakuna mvua, na kwetu Tsavo pasipo mvua ni vumbi tupu, gari linapita popote. Sikumuuliza mtu. Nilijiona bingwa.

Siku chache kabla ya safari nikapiga simu kambini, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, kuuliza kama gari lao lina ubao wa kupandishia kiti. Dada wa kule akacheka. "Gari gani, mzee? Sisi sasa hivi ni kisiwa. Mgeni akishuka kwenye ndege anapanda mtumbwi." Mafuriko yao, akanieleza, ni mvua ya Angola, husafiri miezi, na ikifika kwao jua linawaka.

Ningeweza kuisingizia kambi. Viza yangu ilikuwa kwa kafeel, yaani mwajiri aliyenidhamini. Kazi ikikatika, narudi Mombasa. Nikaingia kwa Meneja.

"Umekosea wewe?"

"Mimi, sir."

"Si yule wa kambini?"

"Hakuulizwa."

Akanisukumia simu ya mezani. "Yalla, haya, mpigie mteja mwenyewe. Mimi simwombei mtu msamaha."

Mteja akawaka. "Kila siku namwambia mama tembo, tembo! Leo unaniambia maji?" Mara nikasikia mama mwenyewe kaichukua simu. "Wewe mwenye tembo. Maji yakijaa, hao wanakwenda wapi?"

Kiarabu changu cha mitaani, lakini hilo nililielewa. Nikamwambia wako tele kaskazini, mto Chobe. Kuna hoteli nchi kavu, na gari linapita juu ya ukingo. "Mto utauona kwa mbali, mama. Hutaukanyaga."

"Uliza kwanza," akasema, "halafu unipigie."

Mimi na Bi Zuwena tulishika simu kutwa nzima, mpaka dereva wa kule mwenyewe akasema ubao upo na njia ni mchanga mkavu. Mama akaenda, akarudi, akapasuliwa, akapona. Mwanawe alipopita ofisini alisema jambo moja tu: tembo walikuwa wengi hata mama akaanza kuwapa majina ya mawifi zake.

Sasa nimestaafu, niko Kisauni. Vijana wa kazi hii mna simu zenye picha za kila kambi. Vizuri, lakini picha ilipigwa mwezi gani? Tangu siku ile sikumruhusu Bi Zuwena aandike vocha kabla sijampata mtu aliyesimama pale pale, nikamuuliza: mgeni wangu akishuka, atakanyaga nini?