Jiko Jeusi la Madamu

Mwaka ule tulikula mihogo asubuhi na mihogo jioni, na maharagwe tuliyasikia yakichemka kwa jirani tu. Niliukumbuka juzi hapa mtaani Yoba, nilipomwona mjukuu wangu akifuta frigo yake, jokofu jeusi, ikabaki na michirizi. Nikamnyang'anya kitambaa. Kitu cheusi unakifuta kwa unyevu kidogo, halafu papo hapo kitambaa kikavu, mpaka uone meno yako.

Hayo niliyajulia mjini Muyinga nikiwa mtoto, alasiri mama aliponipeleka kwa madamu, mwenye nyumba ambaye mama alikuwa mpishi wake. Jiko lake la chuma lilikuwa jeusi tii, likinuka moshi na vitunguu. Mi nililikausha mpaka kwenye pembe ambako mkono wa mama haukufika. Likang'aa. Mama akatazama mlangoni, akachovya kitambaa kwenye maji ya sabuni, akapaka michirizi juu ya kazi yangu. Nilidhani ananionea wivu. Leo najua: mtoto anayeng'arisha vile hutakiwa na wenye nyumba.

Lakini madamu alikuwa ameshaniona.

"Mama Hawa, kumbe Hawa wako ni fundi. Niachie, awe analala hapa hapa. Atakula wali kila siku."

Wali wenyewe ulikuwa unanukia pale pale. Nikamvuta mama kitenge ili akubali.

"Huyu simwachi, madamu."

"Basi na wewe kesho usije."

Mama akaweka mkono juu ya kichwa changu.

"Huyu simwachi, madamu."