Mapipa ya Kisesa

Mwanangu, Jumapili ninayoikumbuka kuliko zote ilinikuta nyuma ya usukani uwanjani Kisesa, jua la saa saba likinichoma mapaja kupitia kioo, na mguu wangu wa kulia umekataa kutulia. Mpaka leo hautulii. Ukiona nautikisa kila jirani anapowasha gari hapa Kiseke, usidhani ni uzee.

Nilikuwa msichana bado, karani wa kupiga taipu mjini Mwanza. Baba alikuwa fundi cherehani, na kigari chake cheupe ndicho kilichobeba vitambaa vyake, ndizi za mama, wagonjwa wa mtaa mzima na hata maharusi. Basi vijana wa mjini wakaanzisha mashindano. Mapipa matupu yanapangwa uwanjani, gari linaingia moja moja, unayazunguka kwa kufuata alama za chokaa, na mtu anakupima kwa saa. Ukiangusha pipa unaongezewa muda. Kila dereva alikuwa na zamu mbili. Magari ya mashindano hakuna aliyekuwa nayo, sukari yenyewe tulikuwa tunaipangia foleni. Ulikuja na gari unaloendea sokoni.

Baba alinikubalia shingo upande. "Kabla ya saa nane gari liwe uani," aliniambia. Miaka ile ya Ujamaa, Jumapili ikishapiga saa nane mchana, gari la mtu binafsi halikuruhusiwa barabarani, ili mafuta yasiishe nchini. Likikamatwa lililala kituoni, na hukujua litatoka lini. Kesho yake alfajiri nilitakiwa kumpeleka mama ng'ambo ya Busisi, kwa dada yake aliyekuwa mahututi.

Alinisindikiza baba mkubwa, kaka yake baba, aliyezeekea kwenye malori ya pamba. Tulipofika alitoa kila kitu garini: jeki, gurudumu la akiba, mkeka, hata kiazi kilichokuwa kimejificha chini ya kiti. Akaongeza upepo kwenye matairi. Kisha akaniambia tushuke tutembee njia yote kwa miguu.

"Baba mkubwa, nimekuja kuendesha, sikuja kutembea."

"Mimi na lori langu nilikuwa nashuka kutazama kila daraja nisilolijua. Shuka."

Nikashuka. Nilitembea mbio mbio, namwacha nyuma, macho yangu yako kwa vijana waliokuwa wameegemea magari yao na kuuliza kama nimemletea mchumba chakula. Yeye alikuwa akisimama kwenye kila kona, anapima kwa mkono. "Usilitazame pipa unalolipita," akasema. "Ukilikazia macho utaligonga. Tazama unakokwenda." Nikaitikia bila kusikia.

Zamu yangu ikafika. Mwanangu, nilikanyaga mafuta kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Pipa la kwanza nililitazama, nikaligonga. La pili nililitazama zaidi. Katikati nikapotea kabisa, nikazunguka pipa ambalo halikuwa langu, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Niliumia. Nikarudi kwenye foleni kungoja zamu ya pili, nikijua sasa naweza. Kona zote zilikuwa kichwani, nilikuwa naziendesha huku nimekaa.

Lakini gari lililokuwa uwanjani likazama kwenye mchanga. Wakalisukuma, likazima. Wakalisukuma tena. Nikawa nawasha gari na kulizima, baba mkubwa ananitazama tu.

"Ni saa saba na nusu," akasema mwishowe.

"Limebaki hilo gari moja tu mbele yangu."

"Naliona."

"Wamenicheka, baba mkubwa."

"Wamekucheka, kweli. Na mama yako anafunga mzigo." Akaweka mikono magotini. "Usukani unao wewe. Mimi leo ni abiria."

Nilimchukia kwa lile neno. Angeniamuru ningekuwa na mtu wa kumlaumu. Nikakata usukani, nikatoka kwenye foleni, tukapakia vitu vyetu, na nilipokuwa napita golini lile gari likawa limetoka mchangani, nikasikia msimamizi akiita, "Ndugu, zamu yako hiyo!" Nililia mpaka tulipoanza kuyaona mawe ya Mwanza.

Tuliingia uani saa nane ikiwa haijatimia. Baba akagusa boneti, akahisi moto wake, akauliza, "Umeangusha mangapi?"

"Mawili, baba."

Alicheka mpaka akakaa chini. Sikujua kama ningemsamehe.

Kesho yake tulikaa sana Kigongo kusubiri kivuko cha kwenda Busisi. Ghafla mama akaniuliza, "Hayo mapipa mnayazungukaje?" Nikapanga mawe mchangani. Akajifunga kanga vizuri, akayapitia kwa miguu, polepole, anainamisha bega kwenye kila kona, na watu wa foleni wanatutazama. Nami nikamfuata nyuma, na safari hii nikatembea taratibu.

Alimkuta dada yake akiwa na fahamu. Walifungiana chumbani mchana kutwa, nikawasikia wakicheka kama wasichana. Kabla ya Jumapili iliyofuata tukarudi Busisi kuzika.

Mashindano yalipokuja tena niliingia. Nilishika nafasi ya pili kutoka mkiani, na mapipa yote yalibaki yamesimama.

Sasa nasikia unataka kuanza mchezo huu na gari lako hilo hilo la kazini. Anza nalo. Usisubiri gari la ndoto. Litoe mizigo, tembea njia kwa miguu hata wakikucheka, na macho yako yatangulie unakokwenda. Lakini kabla hujatoka nyumbani, jua nani analingoja gari hilo jioni, na zamu yako ikigongana na haja yake, toka kwenye foleni. Utalia njiani, sitakudanganya. Lia huku unaendesha.

Mungu akupe mguu mwepesi, mwanangu, na kila utokapo akurudishe uani na magurudumu yote manne, na umkute mtu mlangoni wa kukuuliza umeangusha mangapi.