Mama Mkwe Alitaka Kuuona Ubavu Wangu

Admin, jina langu nifichie. Mwili wangu huna haja ya kuuficha, kina mama wa nusu kisiwa wameshautazama kwenye simu zao.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na tatu, nakaa Mafia, kijiji cha Kanga, nauza madera na kusuka mikeka. Nilipokuwa na miaka saba figo yangu ya kushoto ilivimba kwa sababu mrija wa kutolea mkojo ulikuwa umebana. Nikapelekwa Dar, wakanipasua ubavuni, wakautengeneza ule mrija, nikapona. Figo zangu zote mbili ninazo. Ila nilipasuliwa kwa ile njia ya zamani, ya kufunua ubavu mzima, na kovu la mtoto hukua pamoja na mtoto. Leo limeanzia mgongoni linakuja hadi karibu na kitovu, na nyama ya pale imetuna kidogo. Silipendi, lakini sikuwahi kulionea aibu mpaka mwezi huu.

Mchumba wangu, nimwite Shabani, ni wa Kiegeani. Kovu nilimweleza mapema kabisa, akasema, "Mimi naoa mtu, sioi ngozi." Niliringa jamani! Dada yake, nimwite Mwanaidi, naye nilimsimulia. Akanivuta pembeni, akaniambia hata yeye aliugua ugonjwa huohuo, mrija huohuo, ila yeye alifanyiwa upasuaji ukubwani, kwa kamera, wakamtoboa matundu matatu tu. "Wifi, usimwambie mtu. Mama hataki ijulikane." Nikaapa.

Zikafika siku za singo, ule msuguo wa manukato anaofanyiwa bibi harusi. Somo wangu, yule kungwi wa kunifunda, alikuwa ananisugua, alipofika ubavuni mkono ukasimama. Huyu ndiye aliyenifundisha kwamba mambo ya chumbani hayatoki nje, na alitoka pale akaenda moja kwa moja kwa mama mkwe. Kesho yake ikawa habari ya kijiji: bibi harusi ameuza figo. Si alikaa Dar mwaka mzima kwa mjomba wake? Na yale mabati mapya ya mama yake yametoka wapi? Na mwenye figo moja atazaa huyo? Ptuu! Nikikumbuka midomo yao natamani kutema mate.

Jumapili mchana mama mkwe akaja na dada zake wawili, na Mwanaidi nyuma yao. Nimekaa mkekani, singo inanikaukia mwilini. Nikasema, "Shikamoo mama." Hakuitikia marahaba. Alisema, "Pandisha kanga." Nilimtazama mama yangu, mama akatazama mlango. Nikapandisha. Ndugu zangu, wale wanawake walinigeuzageuza kama samaki wa mnadani. Mmoja aliibonyeza ile nyama iliyotuna kwa kidole chenye mafuta ya sambusa, akasema, "Hapa pametolewa kitu, pako tupu." Mwenziwe akanibonyeza naye, kisha akanusa kidole chake. Akakinusa! Chumba kilikuwa na giza, mama mkwe akamwamuru binti yake awashe tochi ya simu. Mwanaidi akawasha, akanimulika, macho kayaangusha chini. Mama mkwe akaguna, "Mwanangu atalala na hiki?"

Hiki! Na binti yake aliyefanyiwa upasuaji uleule amesimama hapo ameshika tochi. Nyani haoni kundule. Kwa kuwa kovu la mwanawe halionekani, kwake halipo. Jioni ile ile picha ya ubavu wangu ikawa kwenye kundi la kina mama wa harusi, watu wanaweka vikatuni vya kutapika, na mmoja anauliza kama bado kuna sare za ukubwa wake. Picha imetoka kwenye simu ya Mwanaidi.

Nilidhani Shabani atanguruma. Akanipigia kwa sauti laini, "Mpenzi, kapige utrasaundi tu tuwanyamazishe. Mama akiziona figo mbili ataridhika." Yaani asiyeoa ngozi sasa anataka kunikagua mpaka ndani! Nilimkinai palepale. Hata sauti yake, ambayo nilikuwa naingojea siku nzima, naiona kama maji yaliyooshewa samaki.

Jana Mwanaidi akaja peke yake, analia. "Wifi, nisitiri. Posa yangu inaletwa baada ya mfungo. Ukisema, na mimi watanivua." Nikamuuliza, "Na ile picha?" Akasema, "Mama alininyang'anya simu." Sijui kama ni kweli. Kisha, bila kuombwa, akapandisha dera lake. Vidoa vitatu, vidogo kuliko alama ya chanjo begani kwangu. "Kama unataka kulipiza, piga na wewe," akasema. Simu yangu ilikuwa pale mkekani. Admin, sitasema uongo, niliitazama, na mkono ulikuwa unanienda. Halafu nikaona amefumba macho, anasubiri nimmulike.

Nikamwambia, "Shusha nguo."

Ndoa ni Ijumaa hii. Kesho somo anakuja kumalizia singo, na ile harufu nikiisikia tu nafungua madirisha. Mama ananiambia nivumilie, wakwe ndivyo walivyo, nikapime yaishe. Lakini nikiwapelekea majibu ni kama nimekubali kwamba walikuwa na haki ya kunifunua. Na nikivunja ndoa, watasema aa, kumbe kweli figo haipo. Njia pekee ya kumfunga mama mkwe mdomo ni kumsema binti yake, na hilo nimeshalishindwa.

Shabani bado anasubiri majibu ya utrasaundi, ananitumia ujumbe wa mapenzi asubuhi na jioni kana kwamba hakuna kilichotokea. Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Matusi nitayavumilia. Ila asije mtu huko inbox kuniomba picha.