Vidonge vya Papa

Papa yangu alikuwa fundi cherehani katika mtaa wa Kabondo, mkarimu kupita kiasi, na ukarimu wake ulinichosha. Alikuwa na presha, na akitembea haraka kifua kilimbana. Daktari alimwandikia vidonge vya kila siku, akatueleza: mtu akishtuka, mwili humwaga homoni inayoukimbiza moyo, dawa hii inauziba moyo masikio usiisikie homoni hiyo. Moyo ukipiga polepole hauhitaji hewa nyingi, kifua kinatulia na presha inashuka. Alituonya papa asiache ghafla, wala asimpe mtu mwingine, hasa mwenye pumu.

Vita vilipoingia mjini, majirani walikimbilia kwetu kwa sababu nyumba yetu ilikuwa ya matofali. Kwetu, aliyejificha kwako anakula unachokula. Tuligawana mchele, pondu ya majani ya muhogo, hata chumvi. Mabomu yakazidi. Jirani yetu, mama aliyeuza chikwange, ile mikate ya muhogo, sokoni, akashika kifua.

"Papa, roho yangu iko inapiga sana!"

"Bon, kunywa hii. Ile yangu inatuliza," papa alimjibu, akimpa kidonge kimoja.

Baadaye kidogo alisema mapigo yametulia. Basi kila aliyetetemeka akanyoosha mkono, na papa akawagawia kama karanga. Nilifoka. Alinijibu kwamba hawezi kutulia peke yake katikati ya watu wanaotetemeka. Namshukuru Mungu hakuna aliyekuwa na pumu.

Vidonge vikaisha. Mizinga iliponyamaza, maumivu ya papa yalirudi kwa ukali zaidi kuliko zamani, hata akiwa amekaa tu kwenye kiti. Nilizunguka mjini kutafuta dawa. Maduka yalikuwa yamevunjwa, rafu tupu. Nilirudi nikilia njiani, bila kujali nani ananiona. Niliona wazi kwamba nitamzika.

Yule mama wa chikwange alinikuta mlangoni. Akafungua fundo la kitenge chake: vidonge vichache. Alikuwa ameomba mara kadhaa, akameza kimoja, vingine akavificha kwa ajili ya mabomu yajayo.

Papa alikipokea kimoja, akakitazama, kisha akaomba kisu ili agawane na yule mama. Upande wa Kapalata mizinga ilikuwa imeanza tena, na yule mama alimsogezea kikombe cha maji.

"Kunywa yote, papa," alisema. "Miye nitaogopa tu."