Tone la Asubuhi

Jirani yetu mshona kofia ana presha ya macho. Asubuhi na jioni huketi barazani, akainua uso, akatia tone kila jicho, kisha akabana pembe za macho kwa vidole vilevile vinavyoshika sindano. Ukaidi wake ni wa sauti ya chini. Ramadhani ilipoingia, aliliacha tone la asubuhi. "Baba, sheikh amesema dawa ya macho haifunguzi," mkaza mwanawe alimsihi. "Naionja kooni, mwanangu," akajibu, akaendelea kushona.

Siku ya Idi nilisimama ubavuni kwake, nikampa mkono. Hakuuona. Mkaza mwanawe aliuchukua, akautia katika mkono wa mzee. Mzee akageuza uso mzima kunitafuta, tabasamu likamwisha. "Mwanangu," akamwita, "ile chupa ya dawa i wapi?"